Kila Nikikata Kushoto

Ilianza kama mtu anayevunja karanga gizani:
ka, ka, ka, kila nikikata kushoto.
Kulia, kimya. Kushoto, karanga.
Fundi wa Makole aliinamia dirisha akasikiliza,
akasema, "Shafti hiyo mama, imekwisha,"
akataja bei,
nami nikapandisha kioo.

Ya mtumba nimeipata kwa Ndahani,
imeviringishwa gazeti kama paja la mbuzi.
Jumamosi, Nzuguni, upepo wa Julai
unapenyeza vumbi hadi kwenye chai.
Karina imeinua mguu mmoja juu ya jeki
kama mbwa aliyefika kwenye nguzo.

Nati ya katikati ndiyo iliyonidharau.
"Mama, hii hulegezwa tairi likiwa chini," akasema Lechipya.
Sasa ndiyo unasema.
Tukashusha. Nikalivisha spana bomba la maji,
nikapanda juu yake na kilo zangu sabini na nne:
haikutikisika.
Mwalimu Chibago wa kwaya akaruka ua na ndala zake,
tukapanda wawili, tumeshikana mabega,
ikapiga yowe moja.
"Haleluya," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Shafti ilipochomoka, oili ya gia ikaifuata.
Nikaikinga kwa beseni la kuoshea mchicha,
ambalo tangu leo ni la kuku.

Raba ya kiungo ilikwisha chanika zamani,
mdomo wazi. Nikatia kidole:
grisi, na ndani ya grisi mchanga,
mwekundu, laini kama unga wa uwele uliosagwa mara mbili.
Naujua. Hapa kwetu haupo.
Ni wa njia ya Mvumi, pale tulipokata kushoto
kila Alhamisi, miezi kumi na minne,
mama nyuma, kati ya mito miwili,
akisema nisiendeshe kwa hasira,
gari nalo lina mifupa.

Nami nilidhani nimeshafua kila kitu.

Lechipya akanipa ile mpya, yaani kuukuu isiyo ya kwetu.
Tukaisukuma, ikagoma. Tukaizungusha kidogo,
tukaisukuma tena kwa goti:
tk.
Klipu imekaa. Sauti ndogo hiyo
kila mtu angestahili kuisikia mara moja maishani.

Jioni nikazunguka kiwanja, kushoto, kushoto tena,
kuku wakitawanyika,
Lechipya akikimbia ubavuni, sikio kwenye tairi.
Kimya.
Kimya mpaka nikasikia kiti cha nyuma
kikilia peke yake.

Muokota vyuma amepita mara mbili na mizani yake,
anaitazama ile ya zamani pale barazani.
Nimemwambia arudi wiki ijayo.
Na kuna washa moja imebaki juu ya jiwe;
Lechipya anaapa haikuwa yetu.