Wote Madume

Kijana wa Kariakoo aliapa kwa mamaye:
"Wote madume, dada. Mikia ya rangi, huoni?"
Nikalipa elfu kumi na mbili,
nikavuka Jangwani na mfuko wa maji mkononi
kama dripu niliyoiiba wodini.

Miye mkunga. Miaka kumi na tisa, zamu za usiku,
kila mwenye jasho ameniuliza: "Mtoto gani?"
na kabla ya kujibu hutazama mara mbili,
maana macho ya saa tisa usiku hayaaminiki.
Laiti ningeutazama hivyo na mfuko ule.

Rangi si ushahidi. Angalia chini, nyuma ya tumbo:
pezi la dume limejibana likawa kijiti,
kalamu ya karani;
la jike limekunjuka, pindo la khanga,
na juu yake kidoa cheusi kinakolea
mpaka tumbo linaingia pembe kama sanduku.
Hapo acha kuhesabu wiki, hesabu siku.

Madume walikuwa wawili tu.
Mmoja aliruka nje nilipokuwa nabadili maji,
nikamkuta nyuma ya jiko, mkavu kama ganda la kitunguu.
Wa pili alikufa Mei:
LUKU iliisha, pampu ikanyamaza,
mimi niko kazini nawaambia watu wapumue.

Julai, yule mkubwa akazaa.
Mama Zawena wa chumba cha pili akakunja vidole:
"Mume kafa Mei. Mke kazaa Julai. Ya nani hiyo?"
Akacheka. Kisha akakoma,
kwa kuwa uani Sikudhani alikuwa anaanika nepi,
na vidole vile vile vilishakunjwa kwa ajili yake.

Nikasema, tena kwa sauti ya kufika uani:
jike huyu hujiwekea akiba.
Siku moja humtosha uzazi wa miezi,
wala hadaiwi risiti.

Mama Zawena akakumbuka maharage yake jikoni.

Basi nikaendelea na kazi. Mama mzazi hula wanawe
bila chuki, kama mtu anayeonja mboga,
kwa hiyo nilivua vichanga kwa chujio la chai,
kumi na saba, nikavitia kwenye beseni lenye majani.
Maji ya bomba yalale ndooni usiku kucha, dawa iruke.
Kiini cha yai kwa ncha ya sindano, zaidi ya hapo kinaoza.

Jioni Sikudhani akaingia, mtoto kiunoni,
mkono mdogo ukapiga maji, pwaa.
"Hawa ni nani," akauliza, "wa kike au wa kiume?"

Miaka kumi na tisa, na kwa mara ya kwanza
nilijibu: bado.
Rudi baada ya wiki tano.
Kwa sasa ni macho tu, na haraka.