Kinga Iko Chini ya Meza

Jumatatu, karakana ya Njoro, Moshi.
Mhandisi Foya amenipa daftari
na kalamu iliyofungwa kwa uzi wa katani.
"Zunguka. Andika kila kinachoweza kuumiza mtu.
Usiandike kinachopendeza."

Nimeanza mlangoni, kama mgeni.
Miaka kumi na tisa napita hapa
na leo ndiyo mara ya kwanza nakiona kizingiti:
kimeinuka nusu inchi upande wa kushoto,
upande tunaopita tukiwa tumebeba.

Nimeandika kizingiti.

Nimeandika waya wa mashine ya kuchomelea,
umevishwa plasta ya hospitali pale ulipochubuka,
unapita katikati ya dimbwi la maji ya kupozea
kana kwamba maji na umeme ni mtu na shemejiye.
Nimeandika mtungi wa gesi usio na mnyororo.
Nimeandika jiwe la kunolea:
Mzee Kileo amelining'iniza, akaligonga kwa mpini wa bisibisi,
akatega sikio kama mnunuzi wa chungu.
"Zima hulia," amesema. "Hili limekohoa."

Nimeandika moshi (vijana wamecheka, eti naandika jina la mji),
moshi wa kuchomelea, unaokaa darini hadi saa tisa
kisha unashuka kutafuta vifua.

Na kwa kila mstari, safu mbili zaidi:
litatokea mara ngapi, na likitokea litachukua nini.
Nimejifunza kuzidisha upya.
Kidole, mara kila mwezi.
Jicho, mara kila mwaka.
Roho, mara moja.

Nimefika kwenye mashine ya kukoboa kahawa,
ile iliyoletwa kutoka Kibosho kubadilishwa beringi.
Kalamu imegoma.

Hapa ndipo Ijumaa mkanda ulipoudaka mtandio wa Aikande.
Wa bluu, wenye nyota. Ulimvuta
hadi shavu likakaribia chuma,
kisha kitambaa, kwa kuwa ni cha bei rahisi,
kikachanika.
Tukazima. Tukakaa chini. Mtu akamletea soda, hakuinywa.
Na mimi, mkubwa wa zamu, nikafungua mdomo
nikasema kile kisemwacho misibani:
"Ajali haina kinga."

Haina kinga!
Kinga ilikuwa chini ya meza yangu.
Bati la manjano, matundu manne,
na bolti zake nne ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Niliivua mimi, Jumatano,
kwa sababu mwenye mashine alikuwa anapiga simu kila saa,
na kuivua na kuirudisha, kila nikitaka kukaza mkanda,
ni dakika kumi na mbili.

Dakika kumi na mbili. Nimeziandika kwenye safu ya chanzo.

Foya anasema udhibiti ni ngazi:
iondoe hatari; ukishindwa, ibadilishe;
ukishindwa, weka chuma kati yake na mtu;
ndipo maneno ya ubaoni,
na mwisho kabisa, glovu na miwani.
Sisi tulianzia mwisho.
Tulimnunulia Aikande miwani
tukamwachia mkanda unaozunguka.

Nimeirudisha. Bolti ya tatu ilikuwa imekula uzi, nimechonga nyingine.
Kisha nimekata kidirisha chenye bawaba
ili mkanda ukazwe bila kuvua chochote,
na nyuma yake swichi: ukifungua, mashine inakufa.
Maana najijua. Wiki ijayo mtu atapiga simu tena.

Jioni nimekwenda Kiborloni
na jani la isale mkononi, kama radhi inavyoombwa kwetu.
Aikande hakulipokea. Shingoni bado ana mstari mwekundu.
"Daftari umelimaliza?"
"Bado ukurasa mmoja."
"Basi andika jina lako," akasema.
"Si pale pa sahihi. Kwenye safu ya hatari."

Nimeandika.
Safu ya uwezekano nimeiacha wazi,
ajaze yeye.