Neno Lisilo na Taji

Rinlada amechora taji.
Kalamu ya njano iliisha kabla ya vito,
akamalizia kwa kahawia,
na chini yake, kwa herufi zenye vitanzi vidogo,
ameandika neno la kazi ya nyumbani:
rachapisek, kumsimika mfalme.

Bibi Chaluai, miaka thelathini msahihishaji wa kamusi
kwenye kiwanda cha chapa nyuma ya soko la Petchaburi,
avaa miwani, avua, apangusa, avaa tena.
"Taji liko wapi humu?"
"Hapo juu, Bibi."
"Kwenye karatasi naliona. Kwenye neno nimelikosa."

Achukua kisu cha kumenyea balungi,
alilaza neno mezani kama samaki.
Racha: huyu mfalme.
Abhi: juu yake;
irabu ya mbele imeyeyukia ndani ya mfalme
kama sukari ya mvumo ndani ya uji.
Na mkiani, seka: kumwaga.
Basi. Hamna dhahabu wala kiti.
Neno limekuja kwa miguu kutoka Kisanskriti,
limefika na ndoo yake tu.

Nami ninayeyaandika haya kwa Kiswahili
nimeinua kalamu.
Kwetu mfalme hutawazwa, mwenye kusali hutawadha,
na wako wanaosema z palipo dh
wala ulimi hauwaumi.
Najua, si ndugu.
Moja lilizaliwa kwenye kutawala, jingine kwenye udhu;
wajuzi wataniita mbele ya darasa.
Lakini sikio halikusomea.
Limesikia kopo likigonga ukingo wa pipa
mara mbili.

"Mwalimu atataka taji," asema Rinlada.
"Mpe. Ila chora na ndoo."

Mtoto achora ndoo. Mpini wataka kuanguka.
Kisha, bila kuinua kichwa:
"Yale maji tuliyommwagia Babu mkononi,
kule hekaluni, nayo ni pisek?"

Mwezi uliopita.
Babu Prayong, mwendesha baiskeli ya magurudumu matatu,
kiganja cha kulia juu ya kitambaa,
foleni ya majirani, bakuli dogo la bati, maji ya yasmini.
Vidole vilikuwa bado vimepinda
kwa umbo la usukani;
maji yakapita katikati yake, hayakushikwa.

Bibi, ambaye hakuna mkato uliowahi kumponyoka,
alitafuta ukurasa.
"Hayo yana neno lake," alisema.
Akakata balungi. Akakata tena pale alipokwisha kata.
"Neno gani?"
"Kula kwanza."

Rinlada alikula.
Kwa kidole chenye utomvu wa tunda
akaligusa taji la kahawia, na rangi ikatoka,
ikashuka mpaka kwenye ndoo.