Mshona Ua

Kazi yangu ni kushona.
Si nguo. Ua.
Koleo mfukoni, bunda la waya begani,
natembea na mpaka wa mbuga tangu upande wa Lang'ata
hadi maghala ya Barabara ya Mombasa yanakoanza kunguruma,
na kila tundu nalisoma kabla sijaliziba.

Tundu halikosi mwenyewe.
Hapa juu waya umelegea, umenasa manyoya ya manjano:
chui, kavuka usiku kwenda Karen
kwa watu wenye mbwa wanono.
Pale pamekatwa, kumekanyagwa kwa ndara:
huyo simwandiki. Namjua. Ana watoto wanne.
Na huku chini, kilomita ya tisa,
udongo umefukuliwa kutoka ndani, kwa pua na kwa magoti.

Ngiri.
Magari ya watalii hayasimami kwa ajili yake.
Sura kama kiatu kilichonyeshewa,
mkia wima akikimbia, eriali ya redio kuukuu.
Nyasi anazila kapiga magoti,
na sugu za magoti yale huzaliwa nazo.
Shimo analolala si lake.
Alilichimba muhanga, muhanga akahama,
ngiri akaingia bila mkataba, bila kodi ya miezi miwili mbele.
Mimi ninayelipa elfu tatu na mia tano
kwa chumba cha mabati Mukuru
nilimwonea wivu hadi nikacheka peke yangu.

Jioni hurudi mbio, na mlangoni
hugeuka,
huingia kinyumenyume,
makalio yatangulie gizani,
meno yabaki yakiutazama ulimwengu.
Siku nilipoliona hilo
nilikwenda nyumbani nikageuza kitanda.

Kiangazi kilipokaza, nyasi za mbuga
zilikuwa majani ya chai yaliyochujwa mara tatu.
Lakini nje ya ua kiwanda cha rangi kina bustani,
na Nyamweya wa bustani ana mpira wa maji.
Ngiri jike akaunusa ukijani.
Jumatatu alifukua, niliziba.
Jumanne alifukua, niliziba kwa mawe.
Jumatano alikuja na wanawe watatu, mikia juu,
kama mama anayewapeleka kuandikishwa shule.
Alhamisi nilichanganya saruji.
Sajini Lekuta alipita, akaipiga teke, akasema:
"Hapo sasa umefanya kazi, Kisilu."

Ijumaa alfajiri, ndege za Wilson zikipasha moto,
nilikuta saruji yangu nzima,
na juu yake mikwaruzo miwili,
mirefu, myeupe, ya meno.
Pembeni kwato. Kipande cha mkia.
Nyayo za simba jike zilitoka mtoni moja kwa moja,
hazikuwa na haraka:
amekwisha jifunza, yule,
kwamba ua ni simba wa pili.

Sina ugomvi naye.
Watoto wake nimewaona, mbavu zinahesabika toka barabarani.
Ila wa ngiri, wawili,
walikuwa wamejibanza mtaroni, kimya kabisa,
wananitazama mimi na koleo langu.

Nilitoa nyundo.
Saruji ya siku moja haina ubishi mwingi.
Kitabuni niliandika kwa hati nzuri:
Kilomita ya tisa. Ua uko sawa.

Usiku, kurudi Mukuru, nilipita njia yetu,
lile tundu la ukuta nyuma ya kiwanda cha magodoro,
kingo zake zimeng'arishwa na mabega
ya wapishi, mabawabu, mafundi, wanaofua nguo za watu.
Kando, chini ya turubai,
matofali mapya yamekwisha pangwa.
Na mfuko wa saruji.
Nilisimama kidogo.
Halafu nikapita,
kinyumenyume.