Zamu ya Maji

Walinipigia saa tatu asubuhi, Jumapili,
mimi niliyezoea vyeti vya ndoa vya Unguja,
vyeti vya kuzaliwa vilivyotafunwa na mchwa,
hati za nyumba ambazo hata jirani hazikumbuki.
"Bi Shinuna, tunahitaji Kiswahili chako nusu saa."
Hawakusema wapi. Wakatuma gari.

Nje, Al-Khuwair ilikuwa inaungua.
Ndani, chumba baridi kama friji ya samaki,
nami nimeficha vidole ndani ya shela.
Wakaniletea kahawa, tende tatu kwenye kisahani,
na karatasi moja.

Aliyeandika ni kijana, Suleyum, wa upande wa Nizwa.
Kiarabu kila mtu anakisoma, ndiyo maana akaandika
kwa lugha ya jikoni kwa mama yake.
Mashine inayochekecha maneno ilimpita bila kumwona.
Kilichomponza ni kupendwa: shairi lilitembea
simu hadi simu, mpaka likafika kwa asiyependa.
Ukurasa wake ukiufungua leo unakuja mweupe,
na sentensi moja yenye adabu: samahani.

Lakini karatasini lilikuwepo, limepigwa chapa kubwa:

*Maji ya falaji hayo, yapinda njia usiku,*
*yanywewa na wenye nayo, sisi tunangoja siku;*
*mtende hauna choyo, kwa ndege hata kwa kuku,*
*msemaji hana moyo, asemaye ni kasuku.*

Nililisoma kimoyomoyo, nikahesabu mizani.
Haikupungua hata moja.
Nilitaka kumwambia mtu.

"Siku gani?" akauliza luteni. "Wanangoja siku gani?"

Nikatafuna tende taratibu ili nipate muda.
Nikamweleza: kijijini maji ni kwa zamu,
nusu saa ya fulani, robo ya mayatima, robo ya msikiti,
kila mtu hungoja siku yake. Siku, nikasema, ni zamu.
Akaandika: zamu.

"Na kasuku?"
Ndege.
"Ndege gani?"
Wa kijivu, mkia mwekundu. Bibi yangu alikuwa naye Mkunazini,
alikuwa akimwamkia muuza mkaa kila asubuhi.
Akaandika: ndege.

"Na hawa wenye nayo?"

Hapo nilikwama.
Ningeweza kusema matajiri. Ningeweza kusema wakubwa.
Ningeweza kulitaja lile jina moja
ambalo chumba kizima tulikuwa nalo mdomoni.
Nikasema: wenye kiu.

Akaandika: wenye kiu.

Basi. Shairi likawa barua ya mkulima
anayelalamikia ratiba, na ndege wake.
Nililichinja nikiangalia pembeni, ili mwenyewe apone,
kisha nikatia sahihi kwamba tafsiri ni sahihi.

Luteni akalifunga faili, akanifungulia mlango.
"Pole kwa baridi, shangazi," akasema.
Kwa Kiswahili.
Kiswahili cha Wete, cha mtu aliyelelewa nacho
kabla hajapewa viatu.

Sijui aliniachia au ananiwekea.

Hii ni wiki ya tatu. Suleyum hajatoka, wala hajashtakiwa.
Mama anang'ang'ana na simu ya mtandao isiyopita,
anamrekodia dadake aliyeko Unguja vipande vya sauti:
hali ya goti, bei ya papa, mvua imenyesha huko?
Akaniuliza nilitafsiri nini siku ile.
Cheti cha ndoa, nikasema.
"Cha nani?"
Huwawajui.

Jana nilitaka kumwandikia mume wangu
aniletee vitunguu akitoka kazini.
Niliandika, nikafuta. Nikaandika tena.
Nikausoma ujumbe kwa sauti ya luteni:
vitunguu gani?
Vya nani?
Mwishowe nikashuka dukani mwenyewe.