Doa

Mfereji umekauka tangu Jumatatu,
basi nimenunua madumu manne kwa Nzaro wa mkokoteni,
mawili ya kupikia, mawili ya Mungu.
Ndivyo nilivyomwambia, akacheka:
"Mama Chengo, hata Mungu siku hizi auziwa hamsini?"
Auziwa, mwanangu. Mambo ndiyo hayo.

Leo ni Jumamosi, ile isiyo na shangwe wala kilio.
Jana tumemlilia, kesho tutamwimbia,
leo yeye yumo kaburini na mimi nimo uani, Kisauni,
nafua kitambaa cha meza yake.
Kasisi alikivua Alhamisi usiku, taa zikizimwa moja moja,
akanikabidhi kama mtu anayekabidhi nguo za maiti.

Kina doa. Kilimwagikiwa divai Krismasi,
siku Chengo alipoingia ibadani macho yamemlegea,
akaanguka mbele ya watu wanaopokea.
Hakuna aliyesema neno. Hilo ndilo lililoniua.
Walimruka kama unavyoruka dimbwi,
mguu mmoja, kisha wa pili, kisha amina.

Nimelisugua kwa ndimu, nimelisugua kwa chumvi,
nimelianika juani hadi likawa rangi ya chai.
Hapo likagoma.

Bwana, sikufichi.
Nimekuomba mpaka magoti yakaota sugu.
Wenzake watatu tumewazika:
Kombe, na Salimu wa Bi Mize,
na yule kijana tuliyemwita Kijiko,
ambaye jina lake halisi tulilisikia matangani.
Bi Mize alikuja na tasbihi yake, mimi na Biblia yangu,
tukakaa barazani hadi chai ikapoa,
kila mmoja akingoja aitwe na mwenzake kulia.
Ulikuwa wapi? Nauliza tu. Sina pa kwenda nikaulize pengine.

Usiku nimesoma tena pale Tomaso anapoambiwa
leta kidole chako.
Miaka yote nilikuwa namtazama Tomaso,
namcheka kwa ubishi wake.
Jana niliitazama mikono.
Umetoka kaburini, sanda umeiacha chini,
mauti yamekushindwa,
na matundu bado unayo.
Baba aliyekufufua hakuyaziba.

Nikaufikiria mkono wa kushoto wa Chengo,
ile njia ya sindano kutoka kiwiko hadi kifundo
anayoificha kwa shati la mikono mirefu,
na joto hili la Mombasa, watu wanalala sakafuni.

Leo ni siku ya arobaini na moja
anakwenda kwenye dirisha la kliniki,
anakunywa dawa mbele ya muuguzi,
anafunua kinywa aonyeshe amemeza.
Sijui kama atafika hamsini.
Mwaka juzi hakufika ishirini,
akauza sufuria zangu, na spika ya kwaya.
Siwezi kusema nimeiona njia.
Najua tu kwamba wewe Jumamosi waijua,
umeilala yote, giza lake na jiwe lake,
hukuikatisha hata saa moja.

Saa tano namsikia mlangoni.
Haulizi. Ashika ncha ya pili ya kitambaa,
twakamua, kila mtu upande wake,
maji yanatiririka hadi kwenye mchicha.
Amekunja mikono ya shati.
Sijauona mkono ule juani tangu aanze,
nami nakaza macho kwenye kitambaa,
kama mtu aliyetuliwa na ndege begani.

"Doa halijatoka," asema.
"Halitoki. Tutakitandika hivyo hivyo."

Anyamaza. Atafuta vibanio.
Kisha, akiwa nyuma ya kitambaa kinachovuja,
uso simwoni, naona miguu tu na kivuli:
"Kengele kesho ni saa ngapi?"
"Kumi na moja. Kabla ya jua."

"Niamshe."