Kineno cha Mwisho

Grimsby, Jumanne, saa moja usiku, mvua ya ubavu.
Chumba cha juu ya maktaba kinanuka sweta mbichi na samaki,
maana nusu ya darasa wametoka kiwandani moja kwa moja,
magamba yangali yanameta mikononi.

Bi Winifred Oglesby, aliyeuza tiketi za treni miaka thelathini,
anaandika ubaoni kitenzi kimoja: kata.
Kisha anakivisha vineno, kimoja kimoja,
kama anayejaribisha mtoto kofia.
Mti, anasema, kwanza hukatwa chini.
Ukishalala, hukatwa juu.
Rezgar kinyozi ananyoosha mkono:
"Mti uko chini tayari. Huko juu umefikaje?"
Darasa linaangua kicheko. Bi Winifred naye hajui.
Hajawahi kuulizwa; amezaliwa humo.

Lugha ninayoandikia hushonea kila kitu ndani:
pika, pikia, pikiwa, pikiana,
kitenzi hutoka nyumbani kimefungwa vifungo vyote.
Kiingereza huviacha vifungo mezani.
Toa juu, umekata tamaa.
Toa nyuma, umerudisha.
Toa mbali, umegawa bure, au umefichua siri ya mwenzio.
Ukikosea kifungo, koti ni la mtu mwingine.

Halafu anamleta Gerald, Gerald wa kila kitabu.
Gerald alikoma kuvuta sigara.
Gerald alikoma ili avute sigara.
Kitenzi ni kilekile. Katika sentensi ya kwanza mapafu yake yanashukuru,
katika ya pili yuko kizingitini, kiberiti kinganjani,
upepo wa bahari unamzimia njiti ya tatu.

Danutė, aliyekaa karibu na hita, hacheki.

Novemba, simu ilimkuta kwenye mstari wa minofu,
barafu ikimwagwa, visu vikinguruma.
Muuguzi alisema: Mumeo amepita
na mashine ya kuoshea makreti ikameza kilichofuata.
Simu ikakatika. Akapiga, haikupokewa.

Amepita nje: amezimia, mletee pajama.
Amepita mbali: mletee suti.
Vyote viwili alivijua. Ukurasa wa arobaini na moja,
alivipigia mstari kwa kalamu ya kijani.

Alipitia nyumbani, akachukua vyote viwili,
akapanda basi na aproni yake ya plastiki,
vituo kumi na kimoja, kapakata kitenzi kisicho na mkia,
akikijaribu kimoyomoyo: nje. Mbali.
Nje.
Kwao, kwa Kilithuania, kineno hutangulia,
hupanda kichwani mwa kitenzi,
habari mbaya hubisha hodi kabla ya kuingia.
Hapa mtu hungoja hadi mwisho wa sentensi,
na mwisho wa sentensi ulikuwa ghorofa ya nne,
nyuma ya pazia la rangi ya maji ya mchele.

Ubaoni sasa ni zamu ya kumbuka.
"Sikilizeni vizuri," anasema Bi Winifred.
"Kukumbuka kufunga mlango: ulikumbuka, ukaufunga.
Kukumbuka kufunga mlango, kwa umbo la pili:
ulishaufunga, na sasa unauona ukifungwa.
Kila mtu atunge mbili zake."

Rezgar anatunga za mikasi. Tesfalem anatunga za barua.
Danutė anaandika polepole, mkono ukiwa na plasta,
halafu anasukuma daftari mbele:

Nilikumbuka kupeleka suti.
Sikumbuki kuipeleka.

Bi Winifred anasoma, anasoma tena,
kalamu nyekundu ikining'inia hewani, ikitafuta pa kutua.
"Sahihi," anasema. "Zote mbili."
Anaifunika kalamu. Anavuta kiti.
Kwa Kiingereza mtu hakai tu, hukaa chini.
Anakaa chini.